Annexe: Kichina cha namna mbili juu ya pipa la maji

Kwenye masoko ya pembeni ya komini Annexe, kutoka Kisanga mpaka Luwowoshi, mapipa ya plastiki ya bluu hayakosi mnunuzi. Maji ya bomba hayafiki kila avenyu. Familia iliyoingia Lubumbashi ikitoka Mitwaba, Pweto ao Kivu hutafuta kwanza pa kulala, kisha chombo cha kuwekea maji, na pipa la lita 200 linaweza kutosha nyumba ya watu wanane kwa siku kadhaa. Muuzaji huwa amelisugua kwa mchanga na sabuni. Mara nyingi ubavuni bado kuna karatasi iliyopasuka nusu, na juu ya karatasi hiyo maandishi ya Kichina.

Baba mmoja aliyekimbia vita huko Kivu alisimama mbele ya pipa kama hilo na kuuliza:

« Mama, hii pipa ilikuwaka na kitu gani ndani? »

« Sijue, papa. Bachinwa njo banajua. Miye nilisha kuiosha mara tatu. »

Kijana wa jirani alitoa simu, akafungua programu ya kutafsiri, ile inayosoma maandishi kwa kamera. Kabla ya kusoma lolote, simu ikamtaka achague: « chinois simplifié » ao « chinois traditionnel »? Kijana akabaki ameinua kidole bila kubonyeza.

« Kumbe kuko Bachinwa ba namna mbili? » mtu akauliza, na watu wakacheka.

Swali la simu lilikuwa na maana. Kichina hakina alfabeti. Kila alama ni neno ao kipande cha neno, na mtu anayetaka kusoma gazeti bila shida anahitaji kujua alama karibu 3000. Alama hizo leo zinaandikwa kwa namna mbili. Kuna herufi za jadi, zenye mistari mingi, zilizotumika kwa karne nyingi. Na kuna herufi zilizorahisishwa, ambazo serikali ya Beijing ilizitangaza mwaka 1956 na kuzipanga kwenye orodha kubwa mwaka 1964, zaidi ya alama 2200. Neno « mlango » kwa herufi za jadi ni 門, mistari 8, na kweli linafanana na mlango wa mbao mbili. Kwa herufi zilizorahisishwa ni 门, mistari 3. Umeme ulikuwa 電, ukawa 电. Gari lilikuwa 車, likawa 车.

Sababu ya Beijing ilikuwa shule. Watu wazima wengi hawakujua kusoma, na serikali iliona kwamba alama yenye mistari michache inaingia kichwani upesi. Wengi waliweza kusoma baadaye, hilo ni kweli. Lakini Taiwan na Hong Kong walibaki na herufi za jadi na huko pia karibu kila mtu anajua kusoma. Kwa hiyo kazi kubwa ilifanywa na mwalimu na darasa, mistari ilisaidia kidogo tu. Beijing yenyewe ilijaribu kupunguza tena mwaka 1977, watu wakachanganyikiwa, na mpango huo ukafutwa mwaka 1986.

Watu wa Kiswahili hawapaswi kushangaa sana. Lugha hii nayo iliandikwa miaka mingi kwa herufi za Kiarabu kabla ya a, b, ch za leo. Tippu Tip, ambaye jina lake bado linatajwa kwa uchungu upande wa Kasongo, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjukuu wa wakati ule angeikuta karatasi hiyo leo, angeisikia ikisomwa na kuelewa, lakini macho yake yasingeona neno hata moja.

Basi, nani anaandika namna gani? China bara, watu zaidi ya bilioni 1.4, wanaandika herufi zilizorahisishwa. Singapore inazifuata pia: ilianza na orodha yake mwaka 1969, kisha mwaka 1976 ikachukua ile ya Beijing. Malaysia shuleni wanafundisha zilizorahisishwa, ijapokuwa magazeti ya Kichina ya huko hupenda kuandika vichwa vya habari kwa herufi za jadi na habari yenyewe kwa zile nyepesi, mchanganyiko ambao mgeni hauelewi ila wenyeji hawaoni shida yoyote.

Upande wa pili wako Taiwan, watu kama milioni 23, halafu Hong Kong na Macau. Hong Kong ilirudi chini ya China mwaka 1997 na Macau mwaka 1999, lakini herufi za jadi hazikuondolewa. Wachina waliohama zamani, kabla ya mwaka 1956, walizibeba walikokwenda, ndiyo sababu mitaa ya Wachina ya miji kama San Francisco bado ina mabango ya jadi.

Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Guangzhou kununua nguo, simu na vyuma vya magari wanaijua tofauti hii kwa miguu, hata kama hawajui jina lake. Guangzhou jina la mji linaanza na 广, mistari 3. Mtu akipanda treni ya mwendo mkali mpaka Hong Kong, safari fupi tu, anakuta alama ileile imeandikwa 廣, nyumba nzima yenye vyumba ndani. Watu wa miji yote miwili wanazungumza Kikantoni. Na Taipei wanazungumza Kichina kilekile cha Beijing, lakini wanaandika kama Hong Kong. Kwa hiyo maandishi hayaonyeshi lugha ya mtu. Yanaonyesha serikali iliyomsomesha ao iliyompa karatasi zake. Bordero iliyotolewa na ofisi ya Hong Kong na fakture ya kiwanda cha Guangdong zinaweza kuhusu kontena moja, na macho yasiyozoea yakadhani ni vitu viwili tofauti.

Kongo nayo imepita upande mmoja na kuingia mwingine. Katika miaka ya 1960 Kinshasa ilikuwa na uhusiano na Taipei. Kisha tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura na kuipa Beijing kiti cha China, kura ambayo Tanzania ilikuwa mbele kuitafuta, na balozi wake Salim Ahmed Salim akashangilia ukumbini mpaka Wamarekani wakakasirika. Mwaka uliofuata, Novemba 1972, Zaire nayo iliingia uhusiano na Beijing, na Januari 1973 Mobutu alikuwa huko kwa ziara. Tangu hapo Kichina cha serikali kinachofika Kinshasa ni cha herufi nyepesi. Hata Umoja wa Mataifa umebadilika: mkataba wake wa mwaka 1945 uliandikwa kwa herufi za jadi, kwa maana nyingine hazikuwepo, na hati zake za leo za Kichina ni zilizorahisishwa.

Familia zilizotoka Bukavu zinaweza kukumbuka mabango ya kikosi cha Wachina cha MONUSCO. Wahandisi na madaktari wa kikosi hicho walifika Kongo mwaka 2003, wakawa na hospitali yao Bukavu, na waliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024 wakati MONUSCO ilipofunga kazi huko. Maandishi yao yalikuwa ya China bara. Mtoto aliyeyaona Bukavu anayaona tena Lubumbashi, isipokuwa safari hii yako kwenye mageti ya viwanda na milango ya malori.

Kwa sababu karibu Kichina chote kinachosomeka Annexe kimetoka China bara. Sosiete za shaba na kobalti, shantie za barabara, maduka ya vipuri, katoni za dawa za panya, vyote. Shaba kwenye mabango ni 铜 na kobalti ni 钴. Alama hizo mbili zina kipande kimoja upande wa kushoto, 钅, kinachosema « hii ni chuma ». Taipei wanaandika 銅 na 鈷, na kipande cha kushoto kina mistari 8 badala ya 5. Mtu wa Annexe akitaka kujua haraka kama bango ni la jadi ao jepesi, aangalie hapo kushoto kwa alama ya shaba.

Kuna vitu vichache vinavyovunja kanuni. Sheria ya China iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2001 inaamuru herufi zilizorahisishwa shuleni na serikalini, lakini inaruhusu za jadi kwenye majengo ya kale, kwenye sanaa ya kuandika kwa brashi, na kwenye mabango yaliyoandikwa kwa mkono. Ndiyo maana mgahawa wa Kichina unaweza kuweka jina lake kwa herufi nzito za zamani, kwa uzuri tu, na karatasi ya bei ndani iwe kwa nyepesi. Mashine iliyotengenezwa Taiwan huja na maandishi ya jadi. Na katika Afrika nzima ni Eswatini peke yake iliyobaki na uhusiano rasmi na Taiwan. Huko ubalozi wa Kichina unaandika kijadi. Hargeisa pia, ambako Taiwan ilifungua ofisi ya uwakilishi mwaka 2020.

Kwenye pwani ya Waswahili herufi za jadi zilifika kabla ya Wareno. Mwaka 2013 watafiti walitangaza sarafu waliyoipata kisiwani Manda, karibu na Lamu, ya mfalme Yongle aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15. Ina alama nne tu, na mbili kati yake leo zinaandikwa China bara kwa namna fupi zaidi: 樂 imekuwa 乐, na 寶, yenye mistari 20, imekuwa 宝. Mwanafunzi wa leo wa Beijing akiiokota atahitaji kufikiri kidogo. Wa Taipei ataisoma mara moja.

Lakini pale sokoni Kisanga hakuna aliyehitaji sarafu ya mfalme. Kijana alibonyeza « simplifié », bila uhakika. Karatasi ilikuwa imepasuka hivi kwamba alama moja tu ilibaki nzima: 酸. Simu ikajibu kwa Kifaransa: « aigre ». Akarudi, akabonyeza « traditionnel ». Jibu lilelile.

« Aigre? » mama muuzaji akasema. « Basi ni vinegre tu! Vinegre tunakulaka. »

Hakuwa anadanganya. Alama hiyo inasema kweli kitu kichachu, limau ao siki. Inasema pia asidi. Neno « asidi ya salfa », ile inayoyeyusha shaba kutoka kwenye udongo katika viwanda vya Katanga-Juu, ni 硫酸, na ile alama ya pili ndiyo hiyo iliyobaki kwenye pipa. Alama ya kwanza ilikuwa imeondoka na kipande cha karatasi.

Aliyemaliza mabishano ni mkalimani aliyepita akitoka kazini. Hakuanza kwa kusoma. Aligeuza pipa, akakwangua tope kwa ukucha, na chini ikatokea nusu ya mchoro: almasi yenye ukingo mwekundu, na ndani mkono unaotobolewa na matone. Mchoro huo si wa Wachina. Ni wa utaratibu wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na unafanana kila mahali duniani. Fuvu la kichwa na mifupa ni sumu. Moto ni kitu kinachowaka. Mkono na chuma vinavyoliwa na matone ni asidi ao kitu kingine kinachounguza ngozi. Yule baba wa Kivu alirudisha franga zake mfukoni na kwenda kutafuta bidoni za njano za mafuta ya kupikia, ndogo, za kubeba mara nyingi.

Mama muuzaji alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika. Yeye mwenyewe alilinunua pipa kwa mtu aliyelinunua kwa mlinzi, na hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyeweza kusoma. Hasara ilimwangukia wa mwisho, kama kawaida.

Wakalimani wenyewe wako wa aina mbili Lubumbashi, na watu wachache wanalitazama hilo. Wako waliosoma, ao China kwa bursi ao darasani, na hao wanasoma herufi zilizorahisishwa, maana mitihani ya Beijing ya lugha ndiyo inayotambuliwa na sosiete. Vituo vya Confucius, kuanzia kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 2005, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza Afrika, vinafundisha hizo. Halafu wako walioshika Kichina kwa masikio, kwenye shantie, wakibeba simiti na kusikiliza. Hao wanazungumza vizuri, wakati mwingine kuliko wenye diploma, wanajua kutania na kutukana. Ukiwapa karatasi, hawasomi. Shefu wa kazi anapomwambia mmoja wao awaeleze wafanyakazi wapya kilichoandikwa kwenye pipa, anaeleza alichoambiwa kwa mdomo. Kama hakuambiwa, anakisia.

Watu waliokimbia vita ndio wanaopokea kazi hizo za siku, kwa kuwa hawana shamba wala ndugu mwenye duka. Wengi wanajua Kiswahili na Kifaransa kidogo. Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba ni lugha za taifa. Bango la hatari lililoandikwa kwa Kichina peke yake, liwe la jadi ao jepesi, liliandikwa kwa ajili ya Mchina aliyeko ndani ya ukuta. Mtu wa Kasapa anayeishi upande wa pili wa ukuta hakufikiriwa wakati wa kuandika. Mwaka 2025, mwezi wa Novemba, maji machafu ya kiwanda yalipofurika kwenye mitaa ya Annexe, watu waliingia ndani yake kwa kandambili wakiokoa magodoro. Hakuna karatasi ingewazuia maji. Lakini mtu aliyekuwa anajua kilichomo ndani angewatoa watoto kwanza.

Mkalimani wa Kisanga alikuwa na jambo moja zaidi la kusema pale sokoni, na ndilo lililowafanya watu watoe kalamu. Tofauti ya simplifié na traditionnel, alisema, haigusi maneno ya hatari yaliyo ya msingi. Wale wa Beijing walipokata mistari mwaka 1956, hawakugusa 毒, ambayo ni sumu. Hawakugusa 酸. Hawakugusa 火, moto, ambayo hata mtoto anaiona kama mtu anayerusha mikono kando. Hawakugusa 爆, ya kulipuka, muhimu kwa wanaookota vitu karibu na karriere. Pipa likitoka Shanghai ao Taiwan, alama hizo nne zitakuwa zilezile. Neno « hatari » lenyewe ndilo lililobadilika nusu: 危险 kwa nyepesi, 危險 kwa jadi, lakini nusu ya kwanza inafanana, na nusu hiyo inatosha kumsimamisha mtu.

Alizichora kwa kalamu nyekundu kwenye gamba la daftari, kubwa kubwa, na chini ya kila moja akaandika kwa Kiswahili: sumu, asidi, moto, kulipuka. Muuzaji wa maji wa kona ile amelibandika gamba hilo kwenye mlango wa kibanda chake. Kwa mifuko ni vilevile. Mifuko ya dawa za kiwanda ya nailoni nyeupe, ambayo watu huishona kuwa mikeka ya kuanikia mihogo, mara nyingi ina alama hizo upande wa ndani wa mshono, ambako jua halijazifuta.

Kuosha mara tatu hakusaidii sana. Plastiki inanywa baadhi ya dawa na kuzitoa polepole ndani ya maji, hata harufu ikiwa imekwisha. Na pipa lililokwanguliwa karatasi yote, bila mchoro, bila alama, halisemi lolote kwa lugha yoyote. La namna hiyo linafaa kuwekea mchanga wa kujengea.